Sauti ya Doña Cuca Chini ya Kifusi

Katika mtaa wa Obrera, jijini Mexico, ukisema unamtafuta Refugio Zepeda watu watakuuliza ni nani huyo. Sema Doña Cuca, yaani Bi Cuca, na hata mbwa watakuonyesha njia.

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye nywele alizozipaka rangi ya shaba kila mwisho wa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuuza tamale, yaani unga wa mahindi uliopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, na uji wa atole mlangoni mwa soko la Santa Brígida. Wauzaji wenzake wa jiji zima walikuwa wameshanunua vipaza sauti na kanda iliyorekodiwa, wakaiacha kanda ndiyo iite wateja, wao wamekaa wanachezea simu. Doña Cuca alikataa. "Koo nimepewa bure na Mungu," alisema, "ninunue jingine la nini?" Na kweli, akiita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, waliokuwa ghorofa ya nne walijua kama leo kuna za pilipili kijani au zimeisha.

Nyuma ya soko hilo palikuwa na kiwanda cha zamani cha nguo ambacho chuo kikuu kilikigeuza maabara. Humo watafiti walikuwa wakitengeneza roboti ya kutambaa ndani ya majengo yaliyoanguka na kutafuta watu. Ilikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia, minyororo badala ya magurudumu, taa mbili, kamera, na waya mrefu mgongoni. Mkuu wao aliitwa Daktari Ximena Urrutia, mwanamke mwenye akili nyingi na sauti ndogo, aliyeongea polepole kama mtu anayehesabu vidonge. Wenye kugharimia utafiti walikuwa wamemwambia wazi: mashine peke yake haitoshi, wakazi wa mtaa lazima wafundishwe na washirikishwe. Daktari Ximena akabandika mabango sokoni. Yalisema: "Warsha ya Ushirikishwaji wa Jamii katika Teknolojia za Kukabili Maafa."

Walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa bibi aliyedhani wanagawa mablanketi. Wa pili alikuwa Don Eleuterio Baños, bwana mwenye bucha sokoni, na yeye alikuja kugomba.

"Baada ya tetemeko la mwaka 2017 mlikuja na karatasi zenu," alisema akiwa amesimama na aproni yake yenye damu. "Kurasa kumi na nne! Mkaniuliza niliogopa kwa kiwango gani, kuanzia moja mpaka tano. Nikasema tisa. Mkaniambia tisa haipo. Nikajaza tano, mkaondoka, sijawaona tena mpaka leo. Sasa mnataka nini tena?"

"Hatukuwa sisi, Don Eleuterio," alisema Daktari Ximena. "Walikuwa wa idara nyingine."

"Kalamu zilikuwa hizihizi," alisema Don Eleuterio, akachukua biskuti tatu, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi daktari alikuja kwa Doña Cuca kununua tamale ndani ya mkate kama kawaida yake, lakini akasahau kuichukua. Doña Cuca akamwita kabla hajavuka barabara.

"Daktari! Kifungua kinywa chako kimebaki huku kinalia. Una nini leo?"

Daktari akamweleza habari ya warsha. Doña Cuca akageuka, akalisoma lile bango ukutani kwa mara ya kwanza, midomo ikitembea.

"Hili bango umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi nimekaa hapa miaka thelathini, na kwa tangazo kama hili nisingeuza hata tamale moja. Ushirikishwaji ni nini? Unaliwa na nini?" Akafuta mikono. "Niambie kwa kifupi. Unataka watu waje kufanya nini?"

"Walale ndani ya kifusi cha majaribio uani kwetu, roboti iwatafute."

"Ungeandika hivyo! 'Njoo ulale, utafutwe.' Wanawake wa soko hili wangekuja wote, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa nafasi ya kulala, wala aliyewahi kutafutwa."

Daktari Ximena alicheka mpaka akamwaga atole. Wakati anajipangusa, Doña Cuca akasema yeye mwenyewe atakuja Alhamisi akishamaliza kuuza.

Alhamisi alikwenda. Uani kulikuwa na mlima wa zege lililovunjwa, nondo, milango ya zamani na bomba nene la saruji. Fundi Evodio, mtu mrefu mwenye masharubu aliyekuwa akiendesha roboti, alimvika kofia ngumu na kumwonyesha mahali pa kuingia. Doña Cuca akatambaa ndani ya bomba, akalala. Wakaziba mlango kwa ubao. Kukawa na giza na harufu ya vumbi la saruji.

Roboti ikaingia ikikwaruza. Ikafika karibu naye, taa zake zikampiga usoni, ikasema kwa sauti laini ya mtangazaji: "Mhusika unayesikia ujumbe huu, tafadhali toa taarifa ya hali yako."

Kimya.

"Mhusika unayesikia ujumbe huu, tafadhali toa taarifa ya hali yako."

Kimya tena. Nje, Evodio akagonga spika za sikioni akidhani zimeharibika. Daktari Ximena akapauka. Wakakimbia, wakaondoa ubao, wakamkuta Doña Cuca amelala chali, mikono kifuani, mzima wa afya.

"Mbona hukujibu?" aliuliza Evodio akihema.

"Nilidhani ni watu wa benki," alisema Doña Cuca. "Wale wanaopiga simu kukuuzia kadi. Mimi wale siwajibu."

Evodio akaangua kicheko. Daktari naye alianza kucheka, kisha akaona kwamba Doña Cuca hacheki. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa bomba, ameshika kofia magotini.

"Nitawaambia kitu," alisema. "Mimi nimeshalala humu kabla. Si humu kwenu. Mwaka 1985, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nyumba yetu ya kupanga ilianguka katika tetemeko na mimi nikabaki chini ya ngazi kwa muda wa saa kumi na moja nzima."

Sokoni watu walimjua kwa miaka thelathini na hakuna aliyewahi kusikia hilo.

"Watu walipita juu wakiita. 'Kuna mtu? Kuna mtu?' Niliwasikia. Sikujibu. Mnajua kwa nini? Mdomo umejaa vumbi, ulimi umekuwa kama kipande cha ngozi. Unataka kusema, lakini mpaka uyakusanye mate, mwenye kuita ameshaondoka. Halafu akili inakuambia hawakuiti wewe, wanamwita mtu mwingine. Baadaye akaja jirani yangu Doña Tomasa. Tulikuwa tumegombana wiki nzima juu ya kamba ya nguo. Akaniita kwa jina. 'Refugio! Mvivu wewe, nguo zako bado ziko kwenye kamba yangu!' Hasira zikanipanda, nikasema: 'Kamba ni ya wote!' Ndivyo walivyonipata."

Alicheka sasa, akafuta macho kwa kiganja cha mkono. "Kwa hiyo hiyo mashine yenu ni nzuri, ina macho na miguu. Lakini inaongea kama barua ya serikali. Na haisubiri."

"Inasubiri sekunde nne," alisema Evodio.

"Sekunde nne! Mimi nilihitaji Baba Yetu nzima, tena ile ya padri mzee."

Daktari Ximena alitoa daftari mfukoni. Alikuwa amefanya kazi hii miaka sita, amesoma vitabu vyote, na hakuna kitabu kilichomwambia habari ya mate.

Wiki iliyofuata wakamwita Doña Cuca kwenye chumba cha kurekodia. Evodio alimpa karatasi yenye maneno ya kusoma. Akaisoma mara moja, akaigeuza na kuiweka chini.

"Nitaongea kama ninavyoongea," alisema, akasogelea maikrofoni. "Jirani! Ni mimi, Doña Cuca. Tumekuja kukuchukua. Usiongee sana, kuna vumbi. Meza mate kwanza, nakusubiri. Sasa niambie, unaitwa nani? Kama huwezi kusema, gonga mara tatu." Akamgeukia Evodio. "Hapo mashine ikae kimya. Kimya kabisa. Isianze kukohoa na kukwaruza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kusali."

Evodio akampima kwa saa. Sekunde thelathini na nane. Ndivyo muda wa kusubiri ulivyobadilishwa kutoka nne kuwa thelathini na nane. Walipojaribu na watu ishirini waliojitolea, waliojibu waliongezeka karibu mara mbili.

Na watu ishirini hao hawakuletwa na bango. Waliletwa na Doña Cuca. Aliitembeza roboti sokoni akiivuta kwa waya kama mbuzi. Akamficha mwenye kuuza maua chini ya meza ya nyanya, akawaambia watu watazame kwenye kioo cha kompyuta vile mashine inavyomtafuta. Wanawake wakapanga foleni kufichwa. Muuza jibini mwenye uzito wa kilo mia moja na kumi akasisitiza afichwe nyuma ya ngazi, akakwama, na wazima moto wa kituo cha jirani wakaja kumtoa. Daktari Ximena akataka kuomba radhi, lakini kiongozi wa wazima moto alikuwa ameshapiga magoti anaikagua mashine na kuuliza maswali. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakuja kila Jumanne kwenye mafunzo sokoni. Sokoni roboti ikaitwa Cuquita, yaani Cuca mdogo, na jina la kisayansi lenye herufi sita likabaki kwenye makaratasi tu.

Katika vipindi hivyo vya Jumanne, Daktari Ximena alifundisha kwa nini udongo wa jiji hilo hutikisika kama jeli, na Doña Cuca alitafsiri kwa lugha ya sokoni. Daktari alifundisha pia ishara ya ngumi juu: mtu mmoja akiinua ngumi, wote wananyamaza, hata redio, ili anayelia chini asikike. Kunyamazisha soko lilikuwa jambo gumu kuliko kujenga roboti. Mara ya kwanza ilichukua dakika sita, na hata hapo muuza kuku alikuwa bado anamalizia habari ya shemeji yake.

Don Eleuterio peke yake hakushiriki. Alikuwa akikatakata nyama na kupiga kelele kutoka buchani kwake.

"Cuca! Watakupiga picha, watakuandika kwenye karatasi, halafu watahama! Utabaki na huo mdoli wako!"

"Wivu tu, Eleuterio! Mdoli huu una akili, ndiyo maana haununui nyama yako!"

Mwezi Agosti mvua zilikuja nyingi. Jumamosi moja, saa tano asubuhi, ghala la nyuma ya soko, ambalo paa lake lilibeba tangi la maji lililochakaa, likaporomoka kwa kishindo. Wauzaji wakahesabiana. Kila mtu alikuwepo, isipokuwa Don Eleuterio, aliyeonekana akiingia ghalani kuchukua ndoano za nyama.

Wazima moto walifika upesi. Kiongozi wao akatazama bamba la zege lililolala mshazari, akasema hawezi kuingiza mtu mpaka liegemezwe kwa magogo, na hiyo ni kazi ya saa mbili. "Lakini," akasema, "ile Cuquita iko wapi?"

Evodio alikuwa ameshaileta, jasho linamtoka. Ikaingizwa kwenye upenyo usiozidi upana wa mto wa kulalia. Kwenye kioo wakaona vumbi, magunia, bomba lililokatika, maji. Kila walipoita, kelele za injini na za watu zilimeza kila kitu. Ndipo Doña Cuca akapanda juu ya kreti ya soda, akainua ngumi.

Soko la Santa Brígida lilinyamaza. Redio zikazimwa. Mwenye mashine ya kusagia mahindi akavuta swichi. Muuza kuku akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Jirani! Ni mimi, Doña Cuca," sauti ikasema kule chini. "Meza mate kwanza, nakusubiri. Sasa niambie, unaitwa nani?"

Sekunde zikapita. Ishirini. Thelathini. Evodio akaweka kidole kwenye kitufe cha kuisogeza mashine mbele.

"Acha," alinong'ona Doña Cuca. Midomo yake ilikuwa inasali, na safari hii haikuwa ya kupima muda.

Kutoka kwenye spika ikaja sauti iliyokauka: "Eleuterio."

Watu wakashikana mikono, hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Mashine, kwa kuwa ilipangwa kurudia, ikasema tena kwa furaha ileile: "Jirani! Ni mimi, Doña Cuca. Niambie, unaitwa nani?"

"Nimeshakwambia, Eleuterio! Umekuwa kiziwi, Cuca? Hata huku umenifuata?"

Hapo soko zima lilisahau ngumi. Watu walicheka huku wanalia, wakakumbatiana na wasiosemezana. Doña Cuca akanyakua maikrofoni kutoka kwa Evodio.

"Eleuterio, sasa ni mimi mwenyewe, si mashine. Umeumia wapi?"

"Mguu. Kuna kabati juu yake."

"Unaona mwanga?"

"Naona taa mbili zinanikodolea macho."

"Hiyo ndiyo Cuquita. Usiitukane. Waambie wazima moto kabati liko upande gani, kisha tulia."

"Cuca."

"Nini?"

"Usiondoke hapo."

"Niende wapi, tamale zimeshaisha."

Alikaa naye kwenye maikrofoni kwa saa mbili na robo. Walizungumza habari za bei ya mahindi, za marehemu mke wake, za mechi aliyoikosa. Waligombana mara mbili. Saa saba na nusu mchana wakamtoa, mguu umevunjika, uso mweupe wa vumbi kama mwokaji mikate. Alipopita kwenye machela mbele ya Daktari Ximena alimshika mkono wa koti.

"Daktari. Leo niulize tena niliogopa kiasi gani."

"Kiasi gani, Don Eleuterio?"

"Tisa," alisema. "Na uandike."

Aliandika. Kwenye madodoso yote ya maabara ile tangu hapo kipimo kinakwenda mpaka kumi, na chini yake kuna nafasi ya mtu kueleza kwa maneno yake. Don Eleuterio akawa mwanafunzi wa kila Jumanne, wa kwanza kufika na wa kwanza kubisha.

Habari zilienea. Januari iliyofuata wanawake wa soko moja la Juchitán, kule kusini katika jimbo la Oaxaca, ambao nao tetemeko lilikuwa limewaangushia soko lao, waliandika barua wakiomba Cuquita na mwenye sauti yake waje. Doña Cuca hakuwa amewahi kufika huko. Alipanda basi pamoja na daktari na Evodio, saa kumi na mbili za safari, mashine ikiwa ndani ya boksi kati ya miguu yao.

Soko la Juchitán lilimpendeza tangu mlangoni. Wanawake wenye blauzi zilizotariziwa maua makubwa, wenye mabega mapana, walikuwa wakiuza kamba waliokaushwa, jibini na mikate ya mahindi iliyotobolewa, na walikuwa wakipigiana kelele kwa Kizapoteki kutoka meza hadi meza. Doña Cuca hakuelewa hata neno moja, lakini alijua kabisa kwamba wanataniana.

Wakajenga kifusi kidogo nyuma ya soko kwa matofali na milango. Bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, jina lake Na Rosalina, hiyo "Na" ikiwa ni neno la Kizapoteki la kumheshimu mama, akajitolea kulala. Roboti ikaingia, ikamwita jirani kwa sauti ya Doña Cuca, ikasubiri sekunde zake zote. Bibi hakujibu. Walipomtoa akasema kitu, na binti yake akatafsiri huku anaona haya.

"Anasema alisikia kuna mama wa mjini anaongea na mtu. Hakutaka kumkatiza."

Evodio alimtazama daktari. Daktari alimtazama Doña Cuca, akiogopa kwamba ameumia moyoni. Lakini Doña Cuca alikuwa ameshika kiuno na anacheka.

"Mnaniangalia nini? Bibi amesema kweli. Huku mimi ndiye mtu wa benki." Akaiinamia mashine, akafuta vumbi kwenye spika yake kwa pindo la sweta. "Evodio, toa hiyo sauti yangu. Nipe maikrofoni na unifuate."

Akaingia sokoni na kuanza kutembea polepole kati ya meza, hanunui kitu, anasikiliza tu. Daktari Ximena alimfuata nyuma na daftari lake. Walipita kwenye samaki, wakapita kwenye maua. Penye kamba waliokaushwa, mwanamke mmoja mwenye jino la dhahabu alikuwa akimsema mwenzake wa upande wa pili wa soko, na mwenzake, hatua hamsini kutoka hapo, alikuwa anasikia kila neno na anajibu.

"Huyu," alisema Doña Cuca.

Mwanamke yule, Na Florinda, alipoelezwa anachotakiwa alisema hajui kusoma maandishi. Doña Cuca akamwambia hayo ndiyo mambo mazuri aliyoyasikia tangu asubuhi. Akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwekea maikrofoni mkononi, akamwambia binti wa Na Rosalina atafsiri: "Jirani yako yuko chini, hawezi kuongea, mmegombana wiki nzima. Mwite."

Na Florinda akafikiri kidogo. Kisha akavuta pumzi na kuita.

Alasiri ile Na Rosalina alirudi ndani ya kifusi, Cuquita ikamfuata na sauti mpya. Doña Cuca alikuwa amekaa nje kwenye tofali karibu na Evodio, mkono mmoja ukiwa na mkate wa mahindi, anasubiri. Sekunde thelathini na nane hazikufika. Sekunde ya tano tu, kutoka chini ya milango na matofali, bibi alianza kujibu, na alijibu kwa kirefu, kwa ukali, huku soko zima likipasuka kwa kicheko.

"Amesema nini?" aliuliza Doña Cuca.

Binti alikuwa anacheka mno hata kutafsiri.

"Basi usiniambie," alisema Doña Cuca, akamega mkate na kumpa daktari nusu. "Andika tu hapo: amejibu."